Injinia wa Ongeza Moto

Shemeji yangu hajawahi kusomea uinjinia, na jambo hilo halijawahi kumzuia kuitwa Injinia. Jina alijipa mwenyewe siku alipokabidhiwa ufunguo wa chumba cha mitambo, na kwa kuwa kampuni yetu ya televisheni ya waya ilikuwa na watu tisa tu, hakuna aliyepata nguvu ya kubisha. Kabla ya hapo alikuwa akivuta waya mitaani na ngazi begani, akibwekewa na mbwa wa watu. Kazi hiyo aliifanya vizuri, tena vizuri sana, na nadhani angebaki nayo angekuwa mtu mwenye furaha. Lakini ufunguo ni ufunguo.

Jina lake la pili, tunalolitumia akiwa hayupo, ni Chenga. Amelipata kwa njia mbili. Kwanza, yeye ndiye aliyekuwa akiwaondolea watu chenga kwenye televisheni, zile punje nyeupe zinazomwagika kwenye skrini kama mchele uliopasuka. Pili, ukimuuliza swali lolote anakupiga chenga kama mchezaji wa mpira: unabaki umesimama, swali lako limepita upande huu na yeye kapita upande ule.

Mimi ni mdogo wa mke wake, na pale kazini ndimi mpokea simu. Nafasi hiyo alinitafutia yeye, na haupiti mwezi bila yeye kunikumbusha. Nakaa mapokezi, nyuma ya meza ndefu yenye simu mbili na daftari la malalamiko. Mteja akipiga, naandika mtaa, nyumba, tatizo na saa. Kazi ya kusikiliza watu. Injinia anaiita kazi ya kukaa.

Chumba chake kiko ghorofa ya juu, chini kidogo ya paa lenye madishi. Mle ndani mna makabati matatu ya chuma, na katika enzi zile kila chaneli ilikuwa na mtambo wake, sanduku juu ya sanduku, taa nyekundu juu ya taa nyekundu, na nyuma yake waya zimefungwa mafungu mafungu kwa vipande vya kitambaa alivyovichukua kwenye cherehani ya dada yangu. Ukiingia bila kubisha hodi anashtuka kama umemkuta anaoga. Aliyafuta vumbi mwenyewe kila asubuhi, na kila sanduku alilijua kwa mngurumo wake. Nasema haya ili isionekane nina chuki naye. Nina hasira naye tu.

Sasa nieleze habari ya moto, maana ndiyo elimu yake yote. Mawimbi ya televisheni yakitoka kwetu yanapita kwenye waya, na waya ukiwa mrefu yanachoka. Kwa hiyo huku na huku, juu ya nguzo, kuna vijisanduku viitwavyo vikuza mawimbi, ambavyo huyapokea yakiwa hoi na kuyatia nguvu upya. Ndani ya kila kijisanduku mna skrubu. Ukiizungusha kulia nguvu inaongezeka. Zamani mteja akipiga simu kwamba anaona chenga, Injinia alipanda, akazungusha kulia, akashuka, akasema, "Ongeza moto tu." Chenga zikakimbia kweli. Watu wakapiga makofi. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kusikia kwamba skrubu ile ina upande wa kushoto.

Na nyumbani ni hivyo hivyo. Chumvi anaongeza kabla ya kuonja. Redio anaongeza sauti ili asikie vizuri habari asizozifuata. Akibishana na dada yangu na kuona anashindwa, haongezi hoja, anaongeza sauti. Hadithi yake ya nguzo iliyomwangukia ilianza na nguzo ya mti. Leo hii ni ya chuma, na mvua ilikuwa ikinyesha. Dada husema, "Mume wangu ana mkono mzito," kisha anaendelea kushona. Yeye ni fundi cherehani, anajua namna ya kubana nguo pana ikamkaa mtu, ila mtu mwenyewe hajaweza kumbana.

Basi ikaja dijitali.

Mitambo mipya ililetwa ndani ya makasha yaliyojaa povu jeupe. Sanduku moja jembamba, lenye unene wa kitabu cha hesabu, lilibeba chaneli kumi pale ambapo lile la zamani lilibeba moja. Wateja nao wakapewa ving'amuzi, kila nyumba na chake. Nililipenda neno hilo tangu siku ya kwanza: king'amuzi, kitu cha kung'amua. Nikajisemea, afadhali, hatimaye kampuni hii itakuwa na kitu chenye sifa hiyo.

Kampuni iliyotuuzia mitambo ilimtuma mtaalamu wake kwa siku mbili kuja kufundisha. Mtaalamu alizungumza polepole, akachora ubaoni, akauliza mara kwa mara kama kuna swali. Injinia alikaa kiti cha nyuma, mikono kifuani, akitikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa mambo aliyoyagundua mwenyewe. Hakuuliza kitu. Mwisho wa siku ya pili mtaalamu aliacha kitabu kinene cha maelekezo, mita mpya ya kupimia mawimbi, na mfuko wa vipande vidogo vya shaba vyenye ukubwa wa kifundo cha kidole.

"Hivi ni vipunguzi," alisema. "Mawimbi yakizidi nguvu, mnafunga kimoja kwenye waya, yanatulia. Mtavihitaji sana."

"Sisi hapa tatizo letu halijawahi kuwa kuzidi," Injinia akajibu, na mafundi wake wakacheka kwa adabu.

Kitabu kikawekwa chini ya feni ili isitikisike. Mita mpya ikarudishwa kwenye kasha lake, na sababu yake naijua. Mita ya zamani ilionyesha nguvu peke yake. Hii mpya ilionyesha nguvu, na chini yake kulikuwa na mstari mwingine ulioandikwa "makosa". Injinia aliutazama mstari ule mara moja tu. "Mimi sihesabiwi makosa na kidude," alisema.

Meneja wetu ni mama mkavu, mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa mnyororo, asiyependa maneno mengi. Alituita sote mapokezi akasema kwamba Ijumaa ya wiki ya tatu, saa nne kamili asubuhi, mitambo ya zamani itazimwa na hatutaiwasha tena. Dijitali ikisimama, chumba cha mitambo kitabaki mikononi mwa Injinia. Isiposimama, kampuni iliyoleta mitambo italeta mtu wake wa kukaa mle ndani.

"Na mimi?" Injinia akauliza. Ndilo swali pekee nililomsikia akiuliza mwezi ule.

"Tutakutafutia kiti," Meneja akasema.

Jioni ile alikuja mezani kwangu, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Shemeji, mle ndani ndiyo maisha yangu. Nje ya chumba kile mimi ni nani?" Nilitaka kumjibu kwamba ni mtu mzuri wa kupanda nguzo. Badala yake nikainamia daftari langu, maana macho yake yalikuwa mekundu, na ukweli ni kwamba nilimwonea huruma.

Wiki mbili kabla ya Ijumaa yenyewe tuliiwasha mitambo yote kwa pamoja, ya zamani na ya dijitali, na simu zangu zikashika moto. Hakukuwa na chenga tena. Sasa picha ilikuwa safi kama maji ya kunywa, halafu ghafla ikaganda. Mama mmoja alilalamika kwamba msomaji wa habari amemwachia mdomo wazi tangu saa mbili. Mwenye duka akasema mchezaji amepiga penalti, mlinda mlango ameruka, na wote wako hewani robo saa sasa, je, ahesabu goli? Mwingine aliona sura ya waziri imegawanyika vigae, jicho liko kwenye tai. Huyo hakulalamika sana.

Injinia aliposikia "picha mbovu" alichukua ngazi. Akapanda, akazungusha kulia. Simu zikaongezeka. Akapanda tena, akazungusha kulia zaidi. Fundi wake mkuu, jamaa wa makamo tunayemwita Mrefu kwa sababu nusu ya nguzo anaifikia bila ngazi, alimuuliza kama haiwezekani moto umezidi. Injinia akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, safari ndefu, kisha akamwambia, "Moto hauzidi. Moto unapungua."

Mimi mitambo siijui. Ninachojua ni daftari langu. Na jambo lililonishtua halikuwa lalamiko, lilikuwa shukrani. Mwalimu mmoja mstaafu, anayekaa nyumba ya mwisho kabisa ya mtaa wa machinjioni, mahali waya unapoishia, alikuwa mteja wangu wa kila siku. Kwa miaka yote aliyaona maisha kupitia chenga, na kila asubuhi alinipigia kunieleza hivyo. Siku ile akapiga akasema, "Mwanangu, picha inang'aa! Wiki nzima haijatikisika. Mmefanyaje?"

Nilikata simu nikabaki nimeishika mkononi. Nikafungua daftari. Nikatafuta nyumba zote za mtaa ule. Wanaoganda walikuwa wale wa chini ya nguzo yenye kikuza, na kadiri nyumba ilivyokuwa mbali na nguzo ndivyo malalamiko yalivyopungua. Nikatazama mtaa wa pili, hali ile ile. Wa tatu, hali ile ile. Aliyepata mawimbi mengi alikufa, aliyepata kidogo alistarehe. Ni sawa na mtu anayekupigia kelele sikioni: hapo husikii maneno, unasikia mshindo tu.

Nikapanda ghorofani. Nikabisha hodi.

"Shemeji," nikamwambia, "hebu tazama hapa. Nadhani moto umezidi."

Hakulitazama daftari. Alinitazama mimi. "Shemeji, nikuulize. Nani alikuleta hapa?"

"Wewe."

"Nilikuleta ufanye nini?"

"Nipokee simu."

"Basi nenda, inalia."

Haikuwa inalia. Nilishuka ngazi kwa hasira, na daftari nililisahau juu ya meza yake. Niseme ukweli: nililiacha kusudi.

Jumatano mchana lilikuwa limerudi mezani kwangu, na ukurasa wa mtaa wa machinjioni ulikuwa na alama ya kidole chenye vumbi. Saa tisa akapiga mwenye duka la chini ya nguzo, yule wa penalti. "Fundi wenu mnene amekuja peke yake," akasema, "amepanda, amefunga kitu cha shaba kama risasi, akazungusha zungusha, na picha imetulia tuli. Mwambieni asante. Nilimwita nimpe soda, akajifanya hanioni."

Nilicheka peke yangu mapokezi pale hadi machozi yakanitoka. Chenga amezungusha kushoto! Tena peke yake, bila Mrefu, bila mashahidi, kama mtu anayeingia dukani kununua dawa ya minyoo. Sikuwa na kinyongo. Nilijua hatanishukuru, lakini chumba chake kimepona, na dada yangu atalala usingizi. Nilifikiri mambo yamekwisha.

Alhamisi asubuhi Meneja akatuita. Alikuwa amezungukia mtaa wa machinjioni yeye mwenyewe na kuona picha zimenyooka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa anatabasamu.

"Injinia," akasema mbele ya watu wote, "umefanyaje?"

Nilimwona akivuta pumzi. Nilimwona akitutazama, mafundi sita waliosikia "moto hauzidi" kwa masikio yao. Na nikamwona akishindwa.

"Niliongeza moto kidogo tu," akasema.

Mafundi wakapiga makofi. Mrefu hakupiga, alikuna kidevu. Meneja akavaa miwani, akaandika. Baada ya saa moja alinipa karatasi niichape nakala saba. Juu iliandikwa "Njia ya Injinia", na chini yake maelekezo: Ijumaa, saa moja asubuhi, kila fundi kwenye mtaa wake apande kila kikuza na kuzungusha kulia mzunguko nusu, kabla ya mitambo ya zamani kuzimwa saa nne.

Nilipanda ngazi zile mbili mbili. Sikubisha hodi.

"Umeona watakachofanya watu wako kesho?"

"Nimeona."

"Nenda ukamwambie Meneja ulipunguza. Neno moja tu. Hakuna atakayekufa."

Alikuwa akifuta sanduku lililokwisha kuwa safi. "Shemeji, wewe hujui kazi za watu. Mafundi wangu hawasomi karatasi. Kesho alfajiri nitawapigia simu mmoja mmoja, nitawaambia kistaarabu."

"Utawaambia nini?"

Akanipiga chenga. Akaniuliza kama dada yangu amenunua sabuni.

Ningeweza kwenda kwa Meneja mimi mwenyewe. Nilifika hadi mlangoni pake. Lakini mchana dada alikuwa amenipigia, akaniambia kwamba mumewe usiku halali, anazungumza na ukuta, na kwamba nikiwa na chembe ya heshima nisimtie aibu mtu aliyenipa kazi. Kwa hiyo nikachapa nakala saba, nikazigawa. Hadi leo najilaumu kwa nakala zile.

Ijumaa alfajiri hakumpigia mtu simu. Mafundi wake, ambao eti hawasomi karatasi, waliisoma neno kwa neno. Saa moja walipanda, wakazungusha.

Mapokezi Meneja alikuwa amepanga televisheni sita ukutani, kila moja na king'amuzi chake, zote zimeunganishwa na nguzo ya nje kama za mteja yeyote. Alitaka aone anachokiona mteja. Saa nne kamili Injinia akazima mitambo ya zamani ghorofani, akashuka amevaa koti jipya, akasimama karibu na meza yangu. Televisheni zikaonyesha picha safi kwa muda wa kutosha mtu kusema "alhamdulillahi" au "haleluya," kila mmoja na yake. Halafu zote sita zikaganda. Halafu zikawa nyeusi, na katikati ya kila kioo maandishi yale yale: hakuna mawimbi.

Hakuna mawimbi! Mawimbi yalikuwa mengi kiasi cha kuzamisha mtu.

Simu zangu zote mbili zikalia. Moja ilikuwa ya Mrefu, aliyekuwa juu ya nguzo ya nje, hatua thelathini kutoka mlangoni kwetu. Meneja akanyoosha kidole, nami nikabonyeza kitufe cha spika ili wote tusikie.

"Bosi, tumeongeza kama ulivyosema, picha imekufa mji mzima. Mafundi wote wananiuliza mimi. Tufanyeje?"

Jasho lilikuwa limemtoka Injinia hadi kwenye kola ya koti jipya. Nikamsihi kwa macho. Alifungua mdomo.

"Ongezeni..." akasema, "ongezeni upunguzaji."

Sauti ya Mrefu ikauliza: "Tuongeze tena?"

"Punguzeni!" nikapiga kelele mimi. "Mrefu, punguza! Fungeni vipunguzi!"

"Nani huyo?"

"Mimi, wa mapokezi!"

"Samahani dada, unajua sheria."

Sheria ilikuwa ya Injinia mwenyewe. Miaka mingi nyuma aliwaapisha mafundi kwamba hakuna atakayegusa kikuza mpaka asikie amri kwa sauti yake, yeye Injinia, si ya mtu mwingine, hata angekuwa nani. Karatasi ya Meneja waliitii kwa sababu Alhamisi walimsikia kwa sauti yake akisema ameongeza; kupunguza hawakuwahi kumsikia akitaja.

Meneja akaisogelea simu. "Huyu ni Meneja. Punguzeni."

"Shikamoo Meneja," Mrefu akasema kwa upole. "Mwambie Bosi mwenyewe atuambie, tafadhali."

Meneja alivua miwani. Hakumtazama Injinia, alinitazama mimi. "Wewe umejuaje kwamba ni kupunguza?"

Nilifungua daftari nikamwonyesha: mtaa, nyumba, tatizo, saa. Nikamwambia habari ya mwalimu mstaafu. Nikamwambia habari ya mwenye duka na kile kitu cha shaba. Sikuongeza neno, na sikupunguza. Alisoma kurasa tatu akiwa amesimama, huku simu ya pili ikilia bila mtu wa kuipokea, kisha akamgeukia shemeji yangu. "Kwa hiyo jana ulikuwa unajua."

Injinia alisogea. Aliinamia simu yangu, mkono mmoja ameuweka juu ya meza, na akasema jambo fulani ambalo hata mimi niliyekuwa kando yake sikulisikia.

"Hatusikii, Bosi!" Mrefu akaita kutoka kwenye nguzo. "Ongeza sauti!"

Kuna mtu nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Injinia alifumba macho.

"Punguzeni!" akapiga kelele. "Punguzeni! Nilipunguza! Tangu Jumatano nilipunguza! Kila nguzo fungeni kipunguzi, zungusheni kushoto!"

Ilipita kama dakika kumi. Televisheni ya kwanza ikarudi, kisha ya pili, kisha zile nne, na katika mojawapo mtu alikuwa akipika kitunguu kwa utulivu mkubwa. Mitaa mingine ilichukua hadi saa nane. Kufikia alasiri simu zangu zilikuwa zimenyamaza, na ungeweza kusema dijitali imesimama. Ilikuwa imesimama kweli. Tena, nitamtendea haki, alikuwa ndiye aliyegundua mzunguko unaofaa kwenye skrubu zile, kwa mkono wake, bila mita. Hicho ndicho kinachoniuma.

Saa tisa Meneja alimwita. Hakumgombeza. Alisema kwamba mtambo ukiharibika utatengenezwa, lakini hawezi kumwachia chumba mtu asiyesema alichokifanya. Kiti alikuwa amemtafutia tayari, mezani kwangu, mbele ya simu ya pili. Akanyoosha mkono. Shemeji alihangaika kuuchomoa ufunguo kwenye kishikio cha funguo muda mrefu, kucha zake zikiteleza, hadi Meneja akalazimika kutazama pembeni.

Jioni dada aliniita kwake nikanywe chai. Sikumweleza kitu kwenye simu. Nilimkuta shemeji sebuleni, koti kalitundika, anatazama ukuta. Dada alikuwa ameshona pazia jipya la chumba cha kulala na alikuwa na furaha, maana picha kwake ilikuwa safi.

"Hamniambii?" akasema. "Imekuwaje? Umebaki na chumba chako?"

"Wamenipandisha," shemeji akajibu haraka. "Chumba nimewaachia wale walioleta mitambo, ni kazi ndogo tu ile. Mimi wananitaka mbele, panapoonekana na watu."

"Mbele wapi?"

Akanitazama. Sijawahi kuona macho yakiomba vile. Na mimi, niliyekaa wiki nzima nikimlaani kwa kupiga watu chenga, nikasikia sauti yangu ikisema, "Mapokezi, Dada. Simu zimekuwa nyingi. Nilimwomba Meneja anipe mtu mzito."

Dada alisimama na birika mkononi, akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akamtazama tena mumewe. Kisha akaangua kicheko, kile cha kutoka tumboni, ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi.

"Huyu?" akasema, akimnyooshea kidole cha upendo. "Huyu akae kutwa kusikiliza watu? Jamani, huyu?"

Alicheka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani. Alicheka hadi akaona kwamba sisi wawili hatucheki. Akaweka birika mezani, taratibu, akakaa chini karibu na mumewe, wala hakuuliza tena.